Miche Iliyokauka Kwenye Maji

Hakuwahi kuzaa, lakini mji mzima ulimwita Mama Kitalu, na mtu aliyejaribu kumwita kwa jina alilopewa na wazazi wake alijulikana hapo hapo kuwa ni mgeni. Kitalu chenyewe kilikuwa nyuma ya ghala la ushirika wa wakulima wa kahawa. Matuta marefu ya viriba vyeusi vya plastiki yalipangwa bega kwa bega, kila kiriba kikiwa na mche mmoja, na juu yake paa la matete lililochuja jua. Upande wa juu lilisimama tangi la saruji la ushirika. Upande wa chini kulikuwa na kibanda cha vyumba viwili, na humo ndimo Mama Kitalu alimoishi na mdogo wake.

Ardhi ilikuwa ya ushirika, si yake. Makubaliano yalikuwa mepesi kueleza na mazito kutekeleza: kila mvua zikikaribia, Mama Kitalu awape wanachama miche mizima ya kupanda. Msimu atakaoshindwa, kitalu atapewa mtu mwingine, na kibanda kitakwenda pamoja na kitalu. Hakuwa ameshindwa hata msimu mmoja, na jambo hilo hakulificha. Alilisema sokoni, alilisema msibani, alilisema hata pale ambapo hakuna aliyemwuliza.

Alikuwa mkali, tena ukali wake ulikuwa na mpangilio. Mkulima aliyenyanyua mche kwa kuushika shina alinyang'anywa kwanza, akafokewa baadaye. "Wewe mtoto wako unambeba kwa shingo?" angemwuliza, na mtu mzima mwenye ndevu zake angesimama pale akijikuna kisogo. Wakulima walimcheka akiwapa mgongo, lakini miche yake ilishika. Ya watu wengine ilikuwa na majani ya kupendeza, ikafika shambani na kunywea. Yake ilikuwa mifupi, haina madaha, na ilisimama.

Siri yake ilikuwa chini, mahali ambapo mnunuzi hatazami. Watu wengi hudhani mmea hunywa kwa ule mzizi mnene, kama mtu anywavyo kwa mrija. Mama Kitalu aliwahurumia watu hao. Mzizi mnene ni wa kushikilia, alisema, na wa kupitisha. Kinywaji chenyewe huingilia kwenye ncha za vijizizi vyeupe, vyembamba kuliko uzi, na juu ya ncha hizo pana vinyweleo ambavyo jicho linaviona kwa shida. Vinyweleo hivyo hupenya katikati ya chembe za udongo na kulamba unyevu ulioshikamana nazo. Ukiung'oa mche kwa pupa, unabaki na mizizi mikubwa mkononi na midomo yote umeiacha udongoni.

Mtu aliyefundishwa somo hilo kuliko wote alikuwa mdogo wake. Tumwite Kitinda, maana ndivyo alivyoitwa nyumbani, yeye akiwa kitinda mimba. Mama yao alifariki Kitinda akiwa bado ananyonya, na baba yao hakukawia kumfuata. Mama Kitalu, aliyekuwa msichana mwenye wachumba wa kuchagua, alimfunga mtoto mgongoni akaenda kuomba kazi ya kujaza udongo kwenye viriba. Wachumba walikuja, wakakuta mtoto mgongoni, wakakumbuka shughuli nyingine. Hakuwalilia. Ila akikasirika sana, mara moja moja, alimkumbusha Kitinda habari hizo, na kusema kweli hapo hakufanya vizuri.

Kitinda alipokuwa mdogo wa kufika kiunoni, dada yake alipasua kiriba mbele yake, akauzamisha mche ndani ya beseni, udongo ukateremka wenyewe taratibu. "Unaona hivi vyeupe?" alisema. "Hivi ndivyo vinavyotulisha mimi na wewe." Mtoto akauliza maji yanajuaje njia ya kuingia. Mama Kitalu hakuwa na jibu, akamwambia yanajua tu, akale. Lakini alifurahi kuulizwa, na tangu siku hiyo alimwona Kitinda kuwa ndiye atakayeachiwa kitalu, wala hakuwahi kumwuliza Kitinda kama anakitaka.

Kitinda alikua akawa mwanamke mtulivu, mwenye sauti ya chini inayotuliza hata mbwa. Kazi yake kubwa ilikuwa mapipa. Maji ya tangi hutoka baridi, na Mama Kitalu alishikilia kwamba mzizi ukimwagiwa maji baridi hushtuka ukagoma kunywa. Kwa hiyo maji ya kumwagilia yalichotwa leo, yakalala kwenye mapipa mawili kando ya kibanda, yakapata joto la jua, ndipo yakatumika. Hakuna kitalu kingine kilichofanya hivyo. Wengine walifungua mpira wakamwagilia moja kwa moja, na Mama Kitalu aliwaita wauaji. Kitinda alijaza mapipa, Kitinda alichota, Kitinda alizunguka na kopo la kumwagilia, na dada yake alipita nyuma akikagua, akipogoa, akipachika vijiti.

Ndipo akajitokeza Bwana Ngozi. Alikuwa na banda nje ya soko ambamo alinunua ngozi za ng'ombe na mbuzi, akazitandaza, akazifunika kwa chumvi ya mawe zisioze, kisha akazipeleka kiwandani. Alikuwa mtu mpole, mfupi, na harufu yake ilimtangulia kufika kila alikokwenda. Alimpenda Kitinda na hakujua kulificha. Alikuja kwa adabu zote, akakaa kwenye kigoda, akaeleza nia yake. Mama Kitalu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sina neno, baba," alimjibu. "Ila subiri kwanza miche hii itoke. Sasa hivi siwezi kubaki peke yangu."

Miche ikatoka. Mama Kitalu akasia mingine. Bwana Ngozi akarudi, akaambiwa asubiri itoke. Watu wakaanza kumtania kuwa ameposa mche wa kahawa, si msichana. Kitinda mwenyewe alijaribu kusema, jioni wakiosha vyombo. "Dada, nataka kwenda kwangu." Dada yake akamjibu bila kuinua kichwa kwamba kwake ni hapa, na sufuria hiyo bado ina masizi. Akazungumza tena safari nyingine, na nyingine. Kila mara alijibiwa kwa upole na kila mara jibu lilikuwa lile lile, mpaka akaacha kuomba. Mama Kitalu alipoona ameacha, alidhani mambo yamekwisha.

Msimu huo miche ilikuwa na afya ya kutamanisha, na mvua zilikuwa zinanukia. Asubuhi moja Mama Kitalu akaona mstari wa kwanza umelegea. Majani yalining'inia na kingo zake zimekuwa za kahawia, kana kwamba mtu amepita na kibiriti. Akagusa udongo, akakuta una unyevu. Akachimba kwa kidole, na chini pia palikuwa na unyevu.

"Inasikia kiu," alisema.

"Kwenye maji, Dada?"

"Jua limekuwa kali. Ongeza."

Kitinda akaongeza. Kesho yake mstari wa pili ukalegea, na wa kwanza ukaanza kupukutisha. Mama Kitalu akaamuru maji yaongezwe tena. Ukimwona mtu wako ana kiu unafanya nini? Unampa maji. Ndivyo alivyofanya, na kila alivyozidisha maji ndivyo miche ilivyozidi kukauka, kwenye udongo uliolowa chepechepe. Hakuwahi kuona kitu kama hicho tangu aanze kazi.

Alipasua kiriba kimoja. Kitinda alimshikia beseni. Udongo uliposhuka, hapakuwa na kitu cheupe hata kimoja. Ncha za mizizi zilikuwa za kahawia, zimenywea, na vile vijizizi vyembamba vimekatikia majini. Akapasua kingine, na kingine. Mwisho akaketi chini kwenye tope na kulia, mwanamke ambaye watu waliapa kuwa hana machozi. Kitinda akaweka beseni chini, akamkumbatia, akampa leso yake ajifute.

"Tutajua ni nini, Dada," alimwambia kwa ile sauti yake. "Usijitese."

Mama Kitalu alimwamini, na usiku huo usingizi ukamjia.

Alipoamka alikuwa ameshampata mkosaji. Mtunza tangi wa ushirika, mzee mmoja mrefu aliyeitwa Mzee Bomba, ndiye aliyeshika funguo za koki zote. Nyuma ya ghala kulikuwa na kisima cha zamani kilichofungwa kwa sababu maji yake yalikuwa mabaya, hata sabuni haikutoa povu. Bila shaka mzee huyu, tangi likipungua, anafungulia kisima na kujazia. Kadiri alivyowaza ndivyo alivyozidi kuona, na kabla hajanywa chai alikuwa ameshafika kwenye baraza la ushirika, sauti juu.

Mzee Bomba aliitwa. Alisimama na funguo zake kiunoni, akasema hajaifungua koki ya kisima tangu ilipofungwa, na kwamba angemwambia Mama Kitalu kabla ya mtu mwingine yeyote. Mama Kitalu akamwita mwongo mbele ya watu, mtu aliyemsalimu kila asubuhi miaka nenda miaka rudi. Kisha akamgeukia mdogo wake. "Kitinda, wewe ndiye unayechota. Maji yalikuwaje?"

Kitinda aliinamisha macho. "Yalikuwa na rangi kidogo," alisema. "Nadhani."

Hilo likatosha. Mwenyekiti alimwomba Mzee Bomba akabidhi funguo mpaka mambo yachunguzwe. Mzee alihangaika kuzifungua kiunoni, na hakuna aliyemsaidia. Mama Kitalu aliondoka akiwa ametua mzigo.

Aliyetumwa kuchunguza alikuwa bwana shamba, kijana mnyenyekevu mwenye viatu vilivyokwisha visigino. Kitinda alikuwa amekwenda sokoni. Bwana shamba alianza na kisima: koki imeshikana kwa kutu, nyundo haikuitikisa. Akachota maji ya tangi, akachovya kipimo chake. Maji yalikuwa mazuri, mtoto mchanga angekunywa. Halafu akaokota kiriba, akakiminya, akayakinga maji yaliyotiririka chini, akachovya kipimo. Akakitazama kwa muda, akakifuta, akachovya tena.

"Mama, hii ni chumvi," alisema. "Nyingi mno."

Mama Kitalu akamwambia kipimo chake kimeharibika. Kijana hakubishana. Akamwonyesha ukoko mweupe ukingoni mwa kiriba, ambao yeye Mama Kitalu alikuwa ameuona akadhani ni mbolea, akamwomba aulambe. Akalamba. Kisha akauliza, kwa sauti iliyopungua, chumvi inauaje mche uliosimama ndani ya maji.

Bwana shamba alichuchumaa karibu naye. "Mzizi hauna pampu," alisema. "Ndani yake kuna maji yaliyochanganyika na madini na sukari, mazito kidogo kuliko maji ya udongoni. Maji hupenda kwenda kule kwenye uzito. Kwa hiyo yanaingia yenyewe kwa kupitia vile vinyweleo, halafu majani huku juu yanapotoa mvuke yanayavuta yapande. Sasa ukiweka chumvi udongoni, uzito unahamia nje. Maji yanakataa kuingia. Chumvi ikizidi, hata yaliyomo ndani yanatoka. Mche unakufa kwa kiu, na maji yameufikia mdomoni."

 Lile swali la mtoto mbele ya beseni lilikuwa limepata jibu, na angetoa chochote asilipate siku hiyo.

"Tangi ni zima," kijana aliendelea, akikwepa macho yake. "Viriba vina chumvi. Basi imeingia katikati. Ukimwagilia maji safi mengi sana, yapite na kutoka chini, baadhi itapona." Akamwambia atatoa taarifa kwenye kikao, akaaga.

Katikati ya tangi na kiriba kulikuwa na mapipa mawili na mkono wa mtu mmoja. Mama Kitalu alijua hivyo kabla bwana shamba hajafika kwenye lango. Alikaa kwenye kigoda, akajiambia pengine mapipa yalikuwa na mabaki ya kitu, pengine ni adui aliyepita. Alitafuta kila mtu mwingine duniani. Kisha akainuka, akachota kata moja kwenye pipa la karibu, akaonja, akatema. Akachota kata ya pili, akakaa nayo akisubiri.

Kitinda aliingia na kikapu chake cha soko. Dada yake akamnyooshea kata.

"Kunywa."

"Hayo si ya kumwagilia, Dada?"

"Tangu lini tukabagua? Umetembea juani. Kunywa."

Kitinda aliitazama kata. Aliweka kikapu chini, akaweka na mikono yake nyuma, kama alivyokuwa akifanya alipovunja sahani akiwa mdogo. Hakunywa.

"Chumvi umeitoa wapi?" Mama Kitalu aliuliza.

"Kwa Bwana Ngozi."

"Naye anajua?"

"Nilimwambia ni ya kulambisha mbuzi."

"Sisi hatuna mbuzi."

"Hakuuliza."

Ingekuwa siku nyingine wangecheka, maana Bwana Ngozi ndivyo alivyokuwa. Mama Kitalu akamwaga maji ya kata chini, akauliza kwa nini.

"Nilikuomba," Kitinda alisema. "Nilikuomba mpaka nikaona aibu kukuomba. Kila siku miche itoke, miche itoke. Haiishi kutoka, Dada. Nikaona msimu mmoja tu ukiharibika, watakichukua kitalu, wewe utapumzika, na mimi nitakwenda kwangu bila kukuacha na kazi ya watu wawili."

"Ungeniambia unaondoka."

"Wewe? Uambiwe mtu anaondoka, ukubali?"

 Mama Kitalu angeweza kusamehe chumvi. Alichoshindwa kukimeza kilikuwa kingine, na alikisema polepole. "Ulinishikia beseni," alisema. "Nimekaa kwenye tope nalia kama mfiwa, ukanikumbatia, ukanipa leso. Kesho yake asubuhi ukaenda kwenye pipa ukaweka tena. Mzee wa watu nimemvua nguo hadharani, wewe umesimama ubavuni mwangu, ukasema maji yalikuwa na rangi."

Hapo Kitinda akalia. Alilia kwa kweli, hilo nalo lisemwe. Akapiga magoti, akamshika dada yake miguu. "Usiwaambie wewe," alisema. "Niache niseme mwenyewe kwenye kikao. Nimwombe Mzee Bomba radhi kwa mdomo wangu. Ukinitaja wewe nitakuwa mwizi aliyekamatwa. Nikisema mwenyewe nitakuwa mtu aliyekosea. Nipe hilo tu, Dada."

Mama Kitalu alimtazama utosi, ule utosi alioupaka mafuta kila asubuhi mpaka mtoto akajua kujipaka. Akakubali. Alimwambia aende akanawe uso, na Bwana Ngozi aje baada ya kikao wapange mambo yao, asisubiri mche wowote tena.

Siku zilizofuata aliisafisha miche kwa maji ya tangi, kopo baada ya kopo, kiriba baada ya kiriba, peke yake, kwa sababu hakuweza kuvumilia kumwona Kitinda ameshika kopo. Kitinda alipika, akafua. Miche mingi ilikuwa imeshakwenda. Michache, katika tuta la mwisho, iliinua majani, na Mama Kitalu alipopasua kiriba kimoja alikuta vijizizi vipya vyeupe vimeanza kuchungulia. Akapiga moyo konde. Ushirika ukielezwa ukweli, labda wangempa nusu msimu aiendeleze hiyo. Hakuwahi kuwaangusha, wangemwelewa.

Kikao kilifanyika ghalani, watu wameketi juu ya magunia. Bwana shamba alisoma vipimo vyake: tangi zima, kisima hakijafunguliwa, viriba vina chumvi. Mzee Bomba alikuwa nyuma kabisa, kiuno chake kitupu. Mama Kitalu akasimama kabla hajaitwa.

"Mzee Bomba hana kosa," alisema. "Nilimsingizia mbele yenu, na mbele yenu namwomba radhi. Chumvi iliwekwa kwenye mapipa yangu, ndani ya kitalu changu."

Minong'ono ikapita. Mwenyekiti akauliza ni nani aliyeiweka.

 Mama Kitalu akageuka, akamtazama mdogo wake, akaketi ili ampishe.

Kitinda aliinuka. Alinyoosha gauni lake, akatazama watu, akaanza kwa ile sauti ya chini, ikabidi wote wanyamaze wamsikie. "Nisameheni kwa kunyamaza," alisema. "Ni vigumu kumsema mtu aliyekulea. Dada amechoka. Siku hizi anachanganya mambo. Kulikuwa na mfuko wa chumvi ya ngozi pale nyumbani, akadhani ni mbolea, akawa anaikoroga kwenye mapipa. Nilipogundua nilijaribu kuificha asiaibike. Hata siku ile ya Mzee Bomba, nilisema vile kwa kumwonea huruma. Nisamehe sana, Mzee."

 Watu walianza kumtazama Mama Kitalu kwa jicho jipya, laini, ambalo hakuwahi kutazamwa nalo maishani mwake. Kila mtu alikumbuka jinsi alivyofoka kwenye baraza kwa uhakika kamili, na jinsi alivyokuwa amekosea. Mtu aliyekosea juzi kwa kelele zile, kwa nini asikosee na mfuko? Bwana shamba alitazama visigino vyake. Kipimo chake kilijua chumvi, hakikujua mkono.

"Ni kweli, Mama?" mwenyekiti aliuliza kwa upole.

Mama Kitalu alikuwa anamtazama Kitinda. Alikuwa bado anasubiri, ukitaka kujua, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize utani.

"Mwulizeni tena," alisema.

"Mama—"

"Mwulizeni tena, taratibu."

Mwenyekiti akamwuliza tena. Kitinda akamgeukia dada yake, macho kwa macho, akayarudia yote: uchovu, mfuko, mbolea, huruma. Hakumeza hata mate. Alipofika penye mtu aliyekulea, sauti yake ilitetemeka mahali panapostahili.

"Basi," alisema Mama Kitalu. "Mmemsikia."

Angeweza kusimama akatoa povu. Maneno alikuwa nayo, na sauti alikuwa nayo. Lakini aliona wazi kwamba kadiri atakavyopaza ndivyo watakavyozidi kumhurumia, na huruma ile ilimchoma kuliko kitu chochote. Walizungumza kwa uzuri sana. Mwenyekiti alisema ushirika hautasahau kazi yake, na kwamba sasa umefika wakati wa kupumzika. Kitalu atapewa mtu mwingine. Kitinda akaulizwa kama atamtunza dada yake, akajibu kwamba atakuwa anakuja kumwona kila atakapopata nafasi. Wanawake wawili wakamsifu.

Mama Kitalu alitoka wakiwa bado wanazungumza. Mlangoni alisikia hatua nyuma yake, akageuka upesi, kwa sababu hata wakati huo alidhani ni Kitinda anakuja kumwambia kitu.

Alikuwa Mzee Bomba. Walikuwa wamemrudishia funguo zake, nazo zilikuwa zinalia kiunoni. Uso wake haukuwa na kinyongo hata kidogo.

"Pole, Mama," alisema. "Mimi sikuwekei moyoni, yamekwisha. Ningejua hali yako siku ile nisingejibizana nawe. Utu uzima unatufika sote. Hata mimi juzi nimetia chai sukari mara mbili."

Mama Kitalu alifungua mdomo amwambie. Huyu ndiye mtu mmoja ambaye alikuwa na haki ya kuujua ukweli, na ndiye ambaye kwa ajili yake alisimama mle ndani. Alimtazama, akaona jinsi alivyokwisha kuamini, jinsi alivyokwisha kumsamehe kwa jambo hilo hasa. Akaufunga.

Mbele yao kulikuwa na vile vidato vitatu vya kushukia kitalu, alivyovichimba mwenyewe kwa jembe. Mzee Bomba alimshika kiwiko kwa uangalifu mkubwa, akamwonyesha cha kwanza kilipo, na Mama Kitalu akashuka kama alivyoelekezwa.